Abiria wa Kiti cha Mbele

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, nani alikaa hapa?"

"Na mimi nakujibu kwa mara ya mwisho. Hakuna mtu."

Kinyozi alikuwa ameshika mlango wa mbele wa gari, kauacha wazi kama mtu anayeonyesha ushahidi. Kiti cha abiria kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli zake, na mgongo wake umelazwa kidogo, kama wanavyopenda watu wenye miguu mirefu. Asubuhi alikiacha mbele kabisa. Mkewe alisimama upande wa pili na funguo mkononi, nyuzi za cherehani zimemganda kwenye gauni. Alikuwa mshona mapazia, na mchana huo alikuwa ametoka kuyatundika nyumbani kwa mteja.

"Labda mapazia yamekisukuma," alisema.

"Mapazia yana miguu?"

"Basi nenda ukamuulize mteja. Ni bibi kizee mwenye fimbo. Labda yeye ndiye mpenzi wangu."

Kinyozi hakucheka. Aliingiza kichwa ndani ya gari akanusa. Kulikuwa na harufu nzito, tamu, ya manukato ya mwanamume, na chini yake harufu ya chuma kilichopata moto. Yeye mwenyewe alinukia sabuni ya kunyolea na poda, miaka yote ya ndoa yao. Alifunga mlango polepole, na mkewe akaogopa kuliko ambavyo angeogopa kama angeubamiza.

Wivu wa Kinyozi ulijulikana mtaa mzima. Alikuwa mfupi, na wateja warefu walimtania kwamba apande ndoo ndipo awafikie utosini. Alicheka nao, kisha akirudi nyumbani anamuuliza mkewe kwa nini alimsalimia muuza maziwa kwa sauti ya furaha vile. Mke alikwisha zoea. Lakini safari hii kulikuwa na jambo la gari.

Gari lao lilikuwa kuukuu, la gia za kujibadilisha zenyewe, lililopita mikononi mwa watu wengi kabla yao. Tangu mvua zianze lilikuwa na ugonjwa wa kuja na kuondoka. Wakipanda wote wawili, likitaka kuingia gia ya pili linagoma. Injini inalia, mwendo hauongezeki, halafu gia inaingia kwa kishindo kama teke la punda. Mke akiliendesha peke yake, linateleza bila hata kujulikana gia imebadilika saa ngapi. Alimweleza mumewe hivyo kwa nia njema, akashauri kwamba mume awe anakwenda kazini kwa miguu mpaka litengenezwe. Mume alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia mke aliyetunga ugonjwa wa gari ili atembee bila yeye.

Jioni ile alitoa begi la mkewe chini ya kitanda, akalifuta vumbi, akaliweka sebuleni. Alisema fundi ndiye atakayeamua. Fundi akisema gari linaumwa kama mkewe anavyodai, basi mkewe ni mkweli. Akisema ni zima, begi lile pale, na kwao anakujua.

Fundi wao aliitwa Masikio, kwa sababu alilisikiliza gari kabla ya kuligusa. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe. Mafuta yalikuwa mekundu, masafi, hayanuki kuungua. Akaunganisha mashine ya kusoma hitilafu, haikuona kitu. Akafungua soketi ya nyaya za giaboksi, akakuta kutu kidogo ya kijani, akaisafisha akidhani amemkamata mwizi. Akaliendesha likiwa baridi, akaliendesha likiwa moto, akapanda nalo mlima na kushuka nalo. Likaenda kama jipya.

"Kaka, gari lako zima," alimwambia Kinyozi.

Mke alikuwa nyuma ya mumewe. Kinyozi alishukuru kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeshinda kesi akagundua hakutaka kushinda. Alikwisha geuka kuondoka mkewe alipouliza.

"Fundi, ulipoliendesha ulikuwa na nani?"

"Peke yangu, shemeji."

"Basi hujaliona."

Masikio alikuna kidevu. Alikiri kwamba ugonjwa wa namna ile hautibiwi kwa kusimuliwa, lazima umkute fundi yupo. Akawaambia wapande wakae kama wanavyokaa siku zote, mume kwenye usukani na mke pembeni yake, yeye akaingia nyuma.

Walishika barabara ya nyuma ya gereji, alasiri, mawingu yakiwa yamejaa. Hawakufika mbali. Injini ikalia, gari likasita, kisha likapiga teke mpaka kichwa cha fundi kikagonga dari. Mke alifunika uso kwa viganja, akalia kwa afueni. Kinyozi aliomba radhi papo hapo, tena mbele ya mtu.

Wangeishia hapo, begi lingerudi chini ya kitanda, na labda wangeliuza gari. Lakini Masikio hakuwa fundi wa kurudisha gari bila kujua sababu. Kazi yake aliifanya kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja. Akamteremsha mke, gari likapona. Akakaa yeye kwenye usukani na mke pembeni yake, likapiga teke kubwa kuliko la kwanza.

"Linamkataa mke wangu," alisema Kinyozi, na katika sauti yake mlikuwa na furaha kidogo.

"Tujaribu la mwisho," alisema fundi. "Shemeji, endesha wewe. Sisi wote nyuma."

Mke akaondoa gari taratibu, likaingia gia ya pili, likaingia ya tatu, laini kabisa, na wanaume wawili nyuma wakaanza kushusha pumzi, mpaka Kinyozi aliposikia mlio mdogo wa reli mbele yake, tik, tik, tik, na kiti kitupu cha abiria kikaanza kurudi nyuma chenyewe, polepole, kikaja kikamgusa magoti, kikaendelea kuyabana, na mgongo wa kile kiti ukalala kama ulioegemewa na mtu aliyechoka, ngozi yake ikabonyea mahali pa mabega, juu, juu kuliko mabega ya mteja yeyote aliyewahi kumnyoa, na manukato yakajaa ndani ya gari mpaka macho yakawawasha, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu ya mkanda, ile inayowaka mtu akikaa bila kujifunga.

"Taa hiyo haiwaki bila uzito," fundi alinong'ona.

Mke hakugeuza shingo. Alikuwa ameng'ang'ania usukani, anatazama mbele, machozi yanateremka.

Kinyozi, magoti yamebanwa, aliuliza swali ambalo fundi hakulisahau. "Ni mrefu sana?"

Kesho yake alasiri Masikio alikuja nyumbani kwao na shangazi yake, mkunga wa zamani aliyekwisha toa watoto wengi matumboni mwa watu, na majini mengi vichwani mwao. Bibi huyo hakuonekana kuogopa. Alilizunguka gari lililokuwa uani, akaligonga bodi kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akamkalisha mke kwenye usukani na yeye akakaa nyuma, chetezo cha ubani miguuni. Kinyozi na fundi walisimama nje, vioo vimeshushwa.

"Mwanangu," shangazi alimuuliza mke, "ukiwa njiani peke yako, huwa unaongea na nani?"

Mke akasema huwa anaongea na nafsi yake tu. Anasema mgongo unamuuma, anasema anatamani duka lake mwenyewe lenye kioo kikubwa, anasema nyumbani akifungua mdomo anaulizwa alikuwa wapi. Siku moja gari lilipopanda mlima bila kusita aliupigapiga usukani, akaliambia afadhali wewe unanisikiliza.

"Basi alisikia," alisema shangazi. "Alikuwa humo tangu kwa wenye gari wa kwanza, amenyamaza. Wewe ukamkaribisha."

Alianza kusoma dua kwa sauti ya chini, moshi ukajaa garini. Ngozi ya kiti cha mbele ikaanza kulia kama kiatu kipya. Mkono wa gia ukatetemeka mahali pake, taa ya mkanda ikawaka. Kisha mke akafungua mdomo, na iliyotoka haikuwa sauti yake, ilikuwa sauti nene, tulivu, ya mwanamume asiye na haraka.

"Mimi namsikiliza. Yule anamhesabia hatua. Nani mumewe hapo?"

Kinyozi alipiga hatua mbele, fundi akamshika shati. Shangazi alisoma kwa nguvu zaidi, akanyunyiza maji ya chumvi juu ya kiti, na kiti kikasogea mbele kwa kishindo, tupu, taa ya mkanda ikazimika. Mke akainamia usukani, akakohoa, akaita jina la Mungu kwa sauti yake mwenyewe.

Shangazi alitoka nje akijifuta jasho. Alisema amemtoa kwa yule binti, lakini kwenye kiti bado, amekiganda kama kupe. Kiti lazima king'olewe na kuchomwa moto leo leo. Masikio aliingia chini na spana. Boliti tatu zilikubali, ya nne ilikuwa imeliwa na kutu mpaka spana ikateleza na kumchuna vidole. Ilibidi aende gereji kuchukua mashine ya kukatia vyuma. Shangazi akaondoka naye, aje na ubani mwingine.

Kabla ya kuondoka alimvuta Kinyozi pembeni. "Sikiliza, baba. Yule hana mwili, ndiyo maana anahangaika na gia. Mpaka turudi, usikae kwenye kiti kile. Usimpe mwili wako."

Kinyozi aliapa.

Walipobaki wawili, alirudisha begi chini ya kitanda. Akamchemshia mkewe chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasahau sukari, wakacheka. Mvua ikaanza. Alimwambia mkewe kwamba anamwamini, kwamba hatamuuliza tena alikuwa wapi. Wakanywa. Kisha akauliza.

"Ulikuwa unamwambia nini hasa?"

"Mambo yangu tu. Umeyasikia."

"Na yeye alikuwa anajibu?"

"Hajibu. Anasikiliza."

Kinyozi alizungusha kikombe mezani. "Ukiwa naye ulikuwa unajisikiaje?"

Mke angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa ameambiwa sasa anaaminiwa. "Nilikuwa napumzika," alisema.

Mume aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Baadaye kidogo alisema vioo vya gari viko wazi, mvua itaharibu viti, anakwenda kuvifunga. Funguo aliziacha mezani.

Mke alisogeza pazia la dirisha akamtazama. Alimwona anazunguka gari, hagusi kioo hata kimoja, anasimama kwenye mlango wa abiria huku maji yanamtiririka usoni, anakitazama kile kiti kwa muda mrefu, jinsi mwanamume anavyomtazama mwenzake anayetaka kujipima naye, na kabla mke hajaufungua mdomo mumewe alifungua mlango akakaa, akaegemea, akanyoosha miguu yake mifupi mbele kadiri alivyoweza, na mke akapiga kioo cha dirisha kwa viganja vyote viwili, akaita, akaita tena, na kule ndani ya gari ikawaka taa ndogo nyekundu, na mlango wa gari ukajifunga wenyewe bila kishindo, na vioo vyote vinne vikapanda pamoja, na injini ikawaka ilhali funguo ziko mezani nyuma yake, na gari likarudi nyuma, likaenda mbele, likarudi nyuma, gia zikiingia moja baada ya nyingine laini, bila teke, bila kelele, kama gari lisilokuwa na ugomvi tena na mtu yeyote duniani.

Kisha likazima.

Mlango wa gari ulifunguka. Mke hakungoja kuona. Alikimbilia mlango wa nyumba akasukuma komeo la juu na la chini, akaegemea mbao kwa mgongo. Alisikia hatua kwenye maji ya uani, chache, ndefu, za mtu asiye na haraka. Zikasimama nyuma ya mbao. Harufu tamu ikapenya chini ya mlango, na chuma cha moto.

Mlango ukagongwa kwa adabu. Sauti ilikuwa ya mumewe, ileile aliyoizoea, isipokuwa ilitoka juu sana, karibu na kizingiti cha juu.

"Fungua, mpenzi wangu. Mumeo nimemwacha garini."