Sauti Ndani ya Waya

Jua la Novemba lilikuwa linazama Detroit, Verna Pettway aliposhuka ngazi za chumba cha chini nyumbani kwa mdogo wake, Lucius. Alifuata kitu kimoja tu: sauti ya marehemu mama yao, ikapigwe kanisani Jumapili. Tangu mazishi, wawili hawa walikuwa wanasalimiana kwa shingo upande.

Sauti ilikuwa imenaswa kwenye mashine kuukuu ambayo Lucius alitengenezea midundo ujanani. Mashine yenyewe ilibeba sekunde chache tu za sauti. Tundu la diski lilishaharibika, kwa hiyo njia pekee ya kuitoa sauti ilikuwa kupitia waya, kwenda kwenye kompyuta.

"Haipokei," Lucius alisema. "Nahangaika nayo tangu asubuhi."

"Kasi ya mashine na ya kompyuta, umezilinganisha?"

"Ziko sawa."

Verna alikuwa amestaafu kazi ya mitambo ya simu. Alifungua kichwa cha waya, akakimulika kwa tochi.

"Umeunga mdomo kwa mdomo. Hii inasema, na ile inasema. Nani asikie?"

Akapishanisha nyaya mbili, akaziunga kwa risasi iliyoyeyushwa, akachomeka.

Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Kisha Mama akaimba. Ubeti mmoja, wenye mikwaruzo. Verna akafumba macho.

Wimbo ukaisha.

Mstari ukaendelea kutambaa.

"Kuna nini kingine humu?"

"Hakuna, Dada. Haina nafasi ya kingine."

Chumba kikaanza kunuka dawa za hospitali. Halafu ikasikika pumzi... nzito, ya kukokota.

"Verna... Verna yuko wapi? Lucius, umempigia dada yako?"

Na kutoka kwenye spika hiyohiyo, sauti ya Lucius ikajibu: "Nimempigia, Mama. Anasema ana kazi."

Hakuna aliyempigia Verna usiku Mama alipofariki. Alipata habari asubuhi, Mama akiwa tayari mochwari.

"Usiku ule sikurekodi," Lucius alinong'ona. "Naapa. Mashine ilikuwa hapa nyumbani, imezimwa."

"Sijakuuliza hilo."

Lucius akainamisha kichwa. "Kutwa Verna, Verna. Nani alimwogesha? Nani alimlisha? Nikasema walau afe akiwa wangu."

Verna akachomoa waya.

Mstari ukaendelea kutambaa.

Akang'oa umeme ukutani. Taa zote za mashine zikazimika... lakini sauti haikukatika. Ila sasa haikumwita yeye.

"Lucius... njoo, mwanangu. Njoo unigeuze."

Lucius akaudaka mkono wa dada yake. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Usiniache naye, Dada."

"Si ulimtaka peke yako?"

Akajinasua, akapanda ngazi bila kugeuka. Nje theluji ilikuwa imeanza kudondoka. Kupitia dirisha dogo lililo usawa wa ardhi, alimsikia mdogo wake akiitikia kwa sauti nyembamba, ya kitoto.

"Nakuja, Mama."



Verna alisimama kando ya gari, akingoja amsikie hata akikohoa. Hakusikia kitu. Akaingia, akawasha, akaondoka.

Jumapili, mchungaji alimuuliza mbona Lucius haonekani.

"Yuko na Mama," Verna alijibu.

Mchungaji akatikisa kichwa kwa huruma. Alidhani anamaanisha yuko makaburini.