Bwana Tumbo Asindikizwa Barabara ya Laela

Hebu fumba macho kidogo, uione picha hii. Ni Jumamosi, saa tisa alasiri, hapo Milanzi mjini Sumbawanga, miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye duka akaweza kuleta anachotaka. Banda la bati lina madirisha mawili, yote yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Watu wamebanana kwenye mabenchi. Mbele yao kuna televisheni juu ya meza, chini yake deki ya kuchezea kaseti, na nje jenereta inanguruma. Kando ya televisheni, juu ya kigoda, ameketi mwanamume mwembamba mwenye maikrofoni. Huyo ndiye Wilibrodi, mkalimani wa filamu.

Kiingereza Wilibrodi hakukijua, na wala hakuna aliyemuuliza. Filamu ikianza, aliipunguza sauti yake akaweka ya kwake. Steringi, yaani shujaa wa filamu, alimpa sauti ya kijana wa stendi, mchumba wake sauti ya binti wa kwaya. Lakini watu walijaa kwa ajili ya sauti ya adui.

Adui wa siku hiyo alikuwa mkuu wa majambazi kutoka nyota nyingine. Hakuwa na shingo. Alikuwa na macho manne, ngozi ya chura, na tumbo lililomwagika mpaka sakafuni. Hakuinuka kamwe pale alipoketi. Alinong'ona tu, na wengine wakaenda kuiba na kuua kwa ajili yake. Wilibrodi alimbatiza Bwana Tumbo, akamtia lafudhi ya Kifipa, na watu wakavunjika mbavu.

Ikafika mahali Bwana Tumbo amebebwa na watumwa wake hadi mlangoni kwa steringi. Hapo filamu yenyewe ilikuwa kimya. Wilibrodi, kwa kunogesha tu, akamsemea.

"Hodi hapa Milanzi!"

"Karibu!" likajibu banda zima.

"Hodi tena, msije mkasema nimeingia kama mwizi!"

"Karibu!"

"Hodi ya tatu, wenyeji!"

Wilibrodi akacheka, akamjibu mwenyewe. "Karibu ndani, Bwana Tumbo. Hapa ni kwako." Kisha akaiweka maikrofoni mapajani, akachukua kikombe anywe maji.

"Asante," ikasema spika.

Ilikuwa sauti ya Wilibrodi. Lakini kinywa chake kilikuwa kwenye kikombe.

Watu walipiga makofi wakidhani ni mbinu mpya. Hamidi, mwenye banda, alikuja na kumgusa bega. "Mshikaji, hiyo umeifanyaje?" Wilibrodi alikuwa akinusanusa hewa. Alikuwa amesikia harufu, harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe iliyosahauliwa ndani ya maji. Hamidi akatoka, akazima jenereta. Picha ikafa, taa ndogo ikafa, na katika giza lile spika iliendelea kupumua, polepole, kwa mabubujiko, kama chungu cha uji kinachochemka.

Tangu siku hiyo, kaseti yoyote waliyoweka, hata ya karate, ilifika mahali watu kwenye picha wakageuka wote wakatazama pembeni, kana kwamba wamemwona mkubwa wao ameketi. Ndipo sauti ya Wilibrodi ilipotoka kwenye spika bila Wilibrodi.

"Adolfu," ilisema siku ya kwanza, "niletee jogoo."

Adolfu, mchoma mishikaki, aliinuka kwenye benchi akatoka. Alirudi na jogoo wa mama yake mzazi, akamwachia nyuma ya televisheni, akaketi. Alipoulizwa, alisema hajainuka hata kidogo. Jogoo hakuonekana tena. Zilibaki harufu na manyoya matatu yaliyolowa.

Siku ya pili sauti ilimtuma Getruda, muuza mitumba, naye akaleta mablanketi ya jirani yake. Siku ya tatu iliwatuma watu watano kwa mpigo. Hakuna aliyekumbuka. Waliibiana, wakagombana, wakaitana wachawi, na kesho yake wakarudi kuketi kwenye mabenchi yale yale, macho wazi, bila kucheka.

Siku ya nne sauti ilisema, kwa upole kabisa, "Wilibrodi, nasikia una binti."

Wilibrodi alikimbia kuelekea nyumbani bila kuvaa kandambili. Alimkuta Josefina, mkewe, njiani, amemshika mtoto wao Jenifer kwa mikono yote miwili. Jenifer alikuwa na miaka sita, na miguu yake ilikuwa bado inatembea hewani.

"Baba Jenifer, ulikuwa wapi?" Josefina alinong'ona. "Umemwita mtoto dirishani mchana kutwa. Nimetoka nje mara tatu, sikukuona!"

"Sijaita mtu."

"Ilikuwa sauti yako! Mimi nisiijue?"

"Baba aliniambia nije peke yangu," alisema Jenifer. "Alisema ana kiti cha pili."

Hamidi ndiye aliyewapeleka kwa mama yake. Bi Mwanamvua aliuza khanga sokoni, lakini wagonjwa wa majini walimfuata kutoka mbali. Wilibrodi alimwamkia shikamoo, akaeleza yote. Bi Mwanamvua alisikiliza huku akikunja khanga.

"Nani aliyemkaribisha?"

"Tulikuwa tunatania, Bibi."

"Sikuuliza hilo."

Wilibrodi akainamisha kichwa. "Mimi."

"Haya. Nikimfukizia ubani atacheka. Umempa hodi tatu na ukamwambia hapo ni kwake. Ana haki kuliko mimi. Sasa wewe mgeni wako akitaka kuondoka unamfanyaje?"

"Namsindikiza."

"Basi kamsindikize. Mwambie njia imefika, umtoe mpaka nyumba za mwisho, barabara ya Laela. Atataka zawadi ya njiani. Mpe kilicho chako mwenyewe, cha mwingine usitoe. Na mkishaagana atakwambia naye akurudishe kidogo, maana ndivyo wageni wafanyavyo. Hapo ukatae kwa kinywa chako. Ukinyamaza umekubali, atarudi nawe hadi kitandani. Na huyo mtoto afungiwe ndani. Mlango usifunguliwe kwa sauti ya baba yake."

Kesho yake asubuhi, ukungu wa mwezi wa sita ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya ulezi, Wilibrodi alisimama mlangoni mwa banda. "Bwana Tumbo," alisema, meno yakigongana, "njia imefika. Nikusindikize."

Ndani, mabenchi yalilia yote kwa pamoja, kana kwamba uzito mkubwa umeyaegemea ili uinuke.

Walitembea. Hakuona kitu, ila kando yake, upande wa kushoto, nyasi za kipupwe zililala chini kwa upana wa mkokoteni na kubaki zimelala, zikichuruzika maji mazito, na kutoka juu ya nyasi zile sauti yake mwenyewe ilimwongelesha habari za nyumbani, ikimuuliza Josefina anaendeleaje na kifua, ikimtajia wimbo ambao Jenifer hulalia, ikicheka mahali ambapo yeye angecheka, mpaka Wilibrodi akaanza kushindwa kujua ni nani kati yao aliyekuwa anasema na ni nani aliyekuwa anasikiliza.

Nyumba za mwisho zikapita. Nyasi zikaacha kulala.

"Zawadi yangu," ikasema sauti. "Mtoto."

"Mtoto si zawadi. Omba kilicho changu."

 Mabubujiko yakasogea karibu na sikio lake, yenye joto.

"Basi niache na hii ninayosemea."

Wilibrodi aliyafikiria mabenchi yaliyojaa, na vicheko, na hadithi alizomhadithia Jenifer kila jioni akimvua viatu. Hakuwa na kazi nyingine. Hakuwa na shamba.

"Chukua," alisema.

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho.

"Asante, mwenyeji," ikasema sauti iliyokuwa yake. "Umenitoa mbali. Nami nikurudishe kidogo?"

Akafungua kinywa akatae. Hewa ilitoka, tupu. Akajaribu tena, akakaza shingo mpaka machozi yakamtoka, na hapakuwa na hapana ndani yake. Pembeni, nyasi zilianza kulala tena, zikielekea mjini.

Ndipo Wilibrodi akaketi. Aliketi katikati ya barabara, kwenye vumbi, akakunja miguu. Asiyerudi nyumbani hawezi kurudishwa.

"Twende," ikamwambia. Hakuinuka. Ikamwita kwa sauti ya Hamidi, ikamtania kwa sauti ya Adolfu, ikalia kwa sauti ya Josefina kwamba nyumba inaungua, na jua likapanda, likapita utosini, upepo wa Ufipa ukamkausha midomo, mabasi ya Tunduma yakampigia honi na kumkwepa huku makonda wakimtukana mlevi, na mwisho kabisa, jua likishuka, ikamwita kwa sauti ndogo ya Jenifer, "Baba, naogopa, niinue," naye akang'ata mkono wake mwenyewe hadi damu, akakaa.

Nyasi zikageuka. Zikalala kuelekea Laela, moja baada ya nyingine, zikaishia mbali.

Alifika nyumbani magharibi. Mlango ulikuwa umekomewa. Hakuweza kupiga hodi, na hakuthubutu kugonga, wasije wakaogopa zaidi. Akasimama tu.

Ndani alisikia wakinong'ona.

"Mama, nje kuna mtu."

"Anasema nini?"

"Hasemi."

"Rudi huku, Jenifer! Usiguse hilo komeo!"

Komeo likaanguka. Mlango ukafunguka, na mtoto akamkumbatia miguuni.

"Umejuaje, mwanangu?" Josefina alilia. "Umejuaje kuwa ni yeye?"

"Yule mwingine huwa anaongea sana," alisema Jenifer.

Wilibrodi hakusema tena maishani mwake. Banda lilifungwa, na yeye akajifunza kushona viatu. Lakini wasafiri wa njia ya Laela husema kuna abiria hupanda basi, hukaa kiti cha nyuma, na akianza kusimulia, basi zima hunyamaza kwa utamu.

Nami nakuomba, msikilizaji wangu mpole, ukumbuke jambo moja tu. Ukisafiri njia hiyo, ukavutiwa na sauti nzuri nyuma yako, kabla hujafanya itakachokwambia, geuka kwanza umtazame anayesema.