Upepo wa Asubuhi

Kila asubuhi, kabla mikate haijatoka jikoni mwa hoteli, Zdravko alimtikisa mguu binti yake aitwaye Tena na kumnong'oneza kama jemadari anayepeleka askari vitani: "Tena, amka! Taulo!"

Naye Tena, msichana wa miaka kumi na miwili, alikumbatia taulo nne na kuteremka ngazi huku jicho moja bado limelala. Familia yao ilitoka Osijek, mbali na bahari, na kila kiangazi ilikuja kisiwani Brač, hoteli ile ile, na sanduku la barafu lililojaa kuku wa kukaanga na soseji za nyumbani. Ungedhani kisiwani watu hawali.

Ufukoni palikuwa na misonobari mitatu tu. Miavuli ya hoteli haikutosha, na jua la Agosti halina undugu na mtu. Sheria haikuandikwa popote, lakini hata watoto waliijua: aliyetandika taulo kwanza na kuikandamiza kwa mawe, kivuli ni chake mpaka jioni. Taulo ya mtu haiguswi.

"Kivuli ni cha babu yako," baba alimkumbusha Tena kila siku. "Ana moyo mbovu. Ukikikosa, utamweleza wewe mwenyewe."

Ijumaa moja Tena alichelewa. Jioni iliyotangulia alikuwa amecheza karata na Nika, msichana wa Zagreb aliyekuja na bibi yake, Bibi Ružica, wakimsubiri mama yake Nika afike Jumamosi. Nika alikuwa rafiki wa kuchokozana. "Nyinyi watu wa Osijek mnaogelea kama viazi," alimwambia. Tena akamjibu, "Na nyinyi wa Zagreb mnaongea kama redio isiyozimwa." Walicheka mpaka wakafukuzwa kwenye veranda.

Basi Tena alipofika ufukoni, misonobari yote ilikuwa na wenyewe. Chini ya ule mkubwa palikuwa na taulo mbili za bluu, kila pembe ina jiwe lake. Alizijua. Zilikuwa za Nika na bibi yake.

Alisimama. Alitazama huku, akatazama kule. Hapakuwa na mtu. Akamfikiria baba atakavyofoka mbele ya watu. Kisha akaondoa mawe, moja baada ya jingine, akazikunja taulo za bluu na kuzitupa nyuma ya ukuta, kwenye vichaka vya miiba. Akatandika zake nne, akazinyoosha vizuri kama kitanda cha mgeni.

Baba na babu walikuwa wamekwisha kuketi pale Nika alipokuja amemshika bibi yake mkono, akashangaa. "Tena! Taulo zetu ziko wapi?"

"Upepo umezichukua."

"Na mawe?"

"Ulikuwa mkali," Tena alisema, akiangalia vidole vya miguu yake.

Zdravko aliyekuwa akimenya yai alicheka. "Pole, mama. Anayelala hana kivuli!"

Babu Stipan hakucheka. Aliitazama bahari, imelala kimya kama supu iliyopoa. Kisha akajilaza kivulini.

"Haidhuru," alisema Bibi Ružica. "Nitakaa hapa karibu na maji. Nina kofia."

Nika alimwomba warudi chumbani, lakini bibi alikataa. Mtoto amekuja kuogelea, naye hawezi kumwacha majini peke yake. Akakaa juu ya kokoto za moto, akimpungia mkono kila alipoibuka. Taulo nne za watu wa Osijek zilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mbili kati ya hizo hazikuwa na mtu.

Kabla ya chakula cha mchana, mkono ule uliacha kupunga.

"Bibi!" Nika alipiga kelele. "Bibi, niangalie!"

Walimbeba mpaka chini ya msonobari. Babu Stipan alimlowesha kichwa kwa maji, Zdravko akakimbia kumwita muuguzi wa hoteli. Mwili wa bibi ulikuwa unawaka na maneno yake hayakueleweka. Boti ya wagonjwa ilimpeleka hospitali ya mji wa Split, ng'ambo ya maji, Nika akiwa kando yake na nguo yake ya kuogelea inayodondoka maji.

Baada ya chakula ambacho hakuna aliyekigusa, upepo ulianza kuvuma kutoka baharini. Taulo zikapigapiga.

"Huu ndio upepo," Babu Stipan alimwambia Tena. "Kila siku huja saa hizi. Asubuhi haujawahi kuja. Huo wa leo asubuhi, ulikuwa na vidole vingapi?"

Tena akaangua kilio, akasema yote.

"Basi, basi," Zdravko alisema haraka. "Ni mtoto. Yule mama ni mzee, na jua ni jua. Hakuna haja ya kutangaza."

"Atasema," alisema babu. "Nami nitakuwa pembeni yake."

Tena aliingia miibani, akazitoa taulo za bluu. Mikono ilimchanika. Alizifua na kuzianika, na Jumamosi, babu akiwa pembeni yake, akazipeleka chumbani kwa Nika, aliyerudi kutoka Split na mama yake ili kufunga mizigo. Bibi atapona, mama alisema, ila daktari amemkataza kabisa jua. Hatakuja tena baharini.

"Hapakuwa na upepo," Tena alisema. "Nilizitupa mimi. Nisamehe."

Mama yake Nika aliketi kitandani. Nika alizipokea taulo, akazitia mkobani.

"Bibi alikwambia haidhuru," alisema. "Mimi sisemi hivyo."

Akafunga mlango.

Tena na babu yake walirudi ufukoni polepole. Chini ya msonobari mkubwa kulikuwa na taulo za watu wengine, na babu akakaa kwenye ngazi za mawe.

"Babu, nimesema ukweli. Mbona bado inauma?"

"Kwa sababu umechelewa. Ukweli wa jana asubuhi ungemweka bibi yule kivulini. Wa leo umekuosha wewe tu, yeye yuko hospitali." "Nami usinione mtakatifu. Nilijua tangu asubuhi. Nilinyamaza kwa sababu kivuli kilikuwa kitamu. Kumbuka, mjukuu wangu: uongo ukikupa mahali pazuri pa kukaa, ujue kuna mtu umemwacha juani. Inuka upesi, kabla hajaanguka."

Jumapili asubuhi Zdravko alimtikisa Tena mguu. "Taulo!"

"Nenda wewe, baba," alijibu Tena.

Zdravko akabaki amesimama, taulo mkononi.