Jiko la Uji

Kila asubuhi Hosiana aliwasha mkaa, akabandika uji, kisha akafagia ua uji ukitokota. Siku hiyo hakuufikia ufagio. Mumewe, Maige, aliingia jikoni mbio, akaipua sufuria na kuiweka chini.

"Nipishe kidogo, Hosiana. Nichome hiki, nikauze mapema."

Mkononi alikuwa na kidonge cheupe, kidogo kama punje ya mahindi. Ilikuwa dhahabu iliyoshikana na zebaki. Hapa Mwakitolyo wachimbaji hutumia zebaki kukamata dhahabu, halafu huichoma ili dhahabu ibaki peke yake. Maige alikiweka juu ya kipande cha bati, akapuliza moto.

"Hodi! Mwangaluka, mayu!"

Alikuwa Mama Dorah, mhudumu wa afya wa kijiji, akisalimu kwa Kisukuma. Alichungulia jikoni, akaona kidonge kwenye bati juu ya moto.

"Tokeni nje! Wote wawili!"

Walitoka. Maige alicheka. "Mama Dorah, unakimbia nini? Moshi wenyewe hata hauonekani."

"Ndiyo ubaya wake. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini unaingia mapafuni na kwenye damu. Mama akiwa mjamzito, unamfikia mtoto na kuharibu ubongo wake."

"Hosiana si mjamzito."

"Una hakika? Wengi hujua baada ya mwezi na zaidi. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vinakuwa vimeshaanza kujengeka."

Hosiana aliangalia chini. Mwaka jana mimba yake iliharibika ikiwa na miezi mitatu. Tangu hapo, kila Maige alipotaja mtoto, alijibu, "Mvua zikianza." Mvua zilikuja, zikaisha, jibu likabaki lilelile.

"Mama Dorah, kumbe moshi huu ndio ulioniharibia mimba..."

Mama Dorah alimshika mkono. "Hatuwezi kujua, mwanangu. Mimba huharibika kwa sababu nyingi. Ya jana hatuyajui, ya kesho tunaweza kuyaandaa. Nendeni zahanati pamoja."

"Pamoja? Mimi sibebi mimba," alisema Maige. "Nikapimwe nini?"

"Kabla ya kushuka duarani, kule shimoni kwenu, unafanya nini?"

"Nakagua kamba na matimba." Matimba ni magogo yanayozuia kuta za shimo zisianguke.

"Mbona hushuki kwanza, ukakagua ukiwa chini?"

"Si nitafukiwa!"

"Ehee! Umejijibu."

Wiki hiyo walikwenda. Muuguzi aliwapima wote wawili virusi vya UKIMWI na kaswende; walikuwa salama. Alimpima Hosiana shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu. Damu ilikuwa pungufu. Alimpa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi.

"Foliki asidi huanzwa angalau mwezi mmoja kabla ya mimba," alieleza. "Husaidia uti wa mgongo wa mtoto ujengeke vizuri. Na wewe baba, acha sigara na pombe. Zinadhoofisha mbegu zako."

Aliwapa pia kondomu, watumie mpaka watakapokuwa tayari.

Jiko la zamani waliliacha, maana zebaki hubaki ukutani na sakafuni; sasa walipikia uani. Maige na wenzake walianza kuchomea dhahabu mbali na nyumba, kwa chombo chenye kifuniko kinachozuia mvuke usitoke. Kabla ya kurudi nyumbani alioga na kubadili nguo. Wenzake walimtania, "Maige anaoga kama bwana harusi!"

"Nipeni sabuni, acheni wivu," alijibu.

Nyumbani, Hosiana alipika maharage, dagaa na mlenda. Kila siku alimeza kidonge chake. Alilala ndani ya chandarua.

Baada ya miezi mitatu walirudi zahanati. Damu ya Hosiana ilikuwa imepanda vizuri. Maige alikuwa hajavuta sigara kwa wiki kumi.

"Mkitaka mtoto, sasa mmejiandaa," alisema muuguzi.

Walishika njia ya kurudi nyumbani. Jua lilikuwa kali, mashamba yamekauka, angani hakuna dalili yoyote ya mvua.

"Basi tusubiri," alisema Maige taratibu. "Mvua zikianza."

Hosiana alisimama.

"Maige, mimi sikuwa nasubiri mvua. Nilikuwa naogopa kumpoteza mwingine. Bado naogopa. Lakini namtaka mtoto."