Tone la Mwisho la Chupa ya Hilaire

Jumapili hiyo tulikula kwa kaka yangu Gaspard, kwenye nyumba ya wazazi wetu kule Burgundi, Ufaransa. Shemeji Solange alikuwa amepika nyama ya ng'ombe kwa uyoga. Miaka kumi Gaspard alikuwa mtu wa bia, akisema divai kuukuu ni kinywaji cha maiti na wanasheria. Sijui siku hiyo kilimpata nini. Alishuka ghala la chini, akapanda na chupa iliyoota ukungu.

"Hiyo si ya rundo la Hilaire?" nikamwambia. "Rudisha, kaka."

Hilaire alikuwa mdogo wake babu. Chupa zile aliziweka kwa ajili ya harusi yake, mchumba akaenda kuolewa na babu. Hilaire akajitundika kwenye kulabu ya kushushia mapipa, humohumo ghalani. Rundo lake halikuguswa tena.

"Mwoga wewe tangu utotoni," Gaspard akanicheka. "Onja kwanza, ndiyo ulie."

Nikaonja. Sitadanganya, ilikuwa nzuri kupita kiasi, na harufu ya cheri na udongo ulionyeshewa. Gaspard alifumba macho.

"Miaka kumi nakunywa povu," akasema taratibu. "Mjinga mimi."

Akamimina, akamimina, mpaka matone ya mwisho yakaangukia glasi yake.

Kwetu, anayepata tone la mwisho huambiwa kabla mwaka haujaisha ataoa au atanyongwa. Ni utani wa mezani tu.

"Mimi nimeshaoa," Gaspard akasema.

"Basi kamba inakuhusu."

Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu. Tukacheka wote watatu, naye akashuka kuleta chupa ya pili.

Tukasikia kioo kikipasuka. Nikamwita. Nikashuka mbio.

Miguu yake ilikuwa hewani, chini ya ile kulabu. Hapakuwa na kamba. Shingo ilikuwa imebonyea pande zote, na hakuna kilichoibana. Macho yamemtoka. Alitupa teke, likanipata mdomoni, jino likang'oka. Nikayakumbatia magoti yake, nikamwinua. Nilivyozidi kuinua ndivyo alivyozidi kuwa mzito. Kuna mtu alikuwa anamvuta.

"Mwachie," nikanong'ona. "Mwachie, ana mke."

Shingo ikalia, ko. Damu ya moto ikamtoka mdomoni, ikanimwagikia usoni. Tukaanguka pamoja juu ya vipande vya chupa.

Daktari aliandika kwamba amejinyonga, maana shingoni palikuwa na alama ya kamba. Kamba yenyewe haijaonekana mpaka leo. Kisha akamvua soksi, mimi na Solange tukiwa tumesimama hapo. Kwenye vifundo vya miguu kulikuwa na michubuko ya vidole, vyote kumi.

"Mimi nilishika magoti," nikasema. "Nilikuwa namwinua, shemeji. Naapa."

Solange aliushika mkono wangu, akaulaza juu ya michubuko, kidole kwa kidole. Vilienea sawasawa.