Aliyempakata Kanze

Jioni ile tulikuwa bondeni mimi, wifi yangu Jedida, jirani yetu Harusi, na mzee Mwambire aliyekuwa akituchimbia mashimo. Na mwanangu Kanze, bado wa kunyonya, mgongoni kwangu kwenye leso.

Waliojenga barabara hapa Matsangoni walikimwagia kijito chetu kifusi, wakaenda zao. Maji yakakatika, kinamasi kikakauka. Basi sisi tulikuwa tukikizoa kifusi kidogo kidogo na kupanda matete upya, maji yapate njia.

Jua lilikuwa linazama. Kanze akaanza kulia.

"Mama Kanze, sisi twapandisha majembe barabarani," Jedida alisema. "Malizia mstari wako utufuate."

"Ukikawia, chura atakusindikiza," Harusi akatia, wakaondoka wakicheka.

Nikainama. Miche ilikuwa mbali kidogo...

Mkono ukaninyooshea mche.

Mkono wa kike, umelowa hadi kiwikoni. Nasi pale hatukuwa na maji hata ya kunawa.

Alikuwa mama mtu mzima, nisiyemjua. Leso imemgandia mwilini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete mtoto nikupakatie. Umechoka."

Tangu nijifungue, hakuna mgeni aliyeona kwamba nimechoka. Machozi yalinilenga. Nikamfungua Kanze, nikampa. Kilio kikakatika papo hapo.

"Aitwa nani?"

"Kanze."

Akamtazama usoni. Kisha akanong'ona, "Kumbe ni somo yangu."

Nilifurahi. Kwetu, mtu mwenye jina moja na mtoto ni kama mzazi wake. "Basi ni mwanao pia," nikasema, kwa adabu tu, kama tusemavyo sote.

Nikainama tena kupanda.

Nyuma yangu nikasikia sauti ndogo... mnywo... mnywo... Mtoto ananyonya. Na harufu ya tope bichi, pale penye vumbi tupu.

Nikageuka.

Kanze alikuwa amelala chali juu ya kifusi.

Peke yake.

Udongo umelowa pande zote za mwili wake. Mdomoni mwake palikuwa na matone meupe.

Nilipiga yowe. Mzee Mwambire alikuja mbio kutoka kwenye mashimo yake, akanisikiliza huku akivua koti lake na kumfunika mtoto.

"Alijitaja?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Alisema mtoto ni somo yake."

Mzee akatazama barabara. "Chemchemi ya kijito hiki ilikuwa ikiitwa Kwa Kanze. Iko chini ya lami hiyo."

"Kanze ni nani, mzee?"

"Mimi nililikuta jina tu." Akanigeukia. "Na wewe ulimwambia nini?"

Nikamwambia.

"Kwa mdomo wako, mwanangu?"

"Mwambie nimefuta! Mwambie sikumaanisha!"

"Nimwambie nani?"

Nyumbani nilimpa Kanze titi. Akageuza uso. Kesho yake vivyo hivyo. Matiti yalinijaa hadi nikawa natetemeka kwa homa, maziwa yakinimwagikia nguoni. Jedida alileta uji, akampulizia kijiko kwa kijiko. Kanze akautema. Jedida alilia nami, na hakuacha kuja.

Lakini mtoto hakuwa na njaa. Kila alfajiri nilimkuta ameshiba, midomo imelowa, pumzi yake ikinuka tope. Nilikomea mlango. Nilimfunga kifuani kwangu kwa leso. Usingizi ulinichukua tu... na nilipoamka leso ilikuwa imefungwa vilevile, imerowana.

Nikashika jembe. Nilijiambia kwamba maji yakirudi, yule mama naye atarudi kwake. Tulizoa, tukapanda. Matete yakashika. Siku moja maji yakapita chini ya barabara, watu wakapiga vigelegele.

Alfajiri iliyofuata nilinusa midomo ya Kanze.

Tope.

Mwezi ulipoisha nilimpeleka kliniki. Alikuwa ameongezeka uzito, na nesi akanisifu kwamba nanyonyesha vizuri.