Barua ya Arobaini na Tatu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 17 Mei 2011, mzee Constant, mtunza ofisi ya chama cha Waswahili karibu na stesheni ya metro ya Porte de Namur, alifungua mlango akakuta kabati la bati limevunjwa. Hakugusa kitu. Alimpigia simu Nusura.

Nusura alifika baada ya dakika ishirini. Hakuwa polisi, ingawa wengi walimwita hivyo. Kituo cha polisi kilikuwa kimemwajiri awe kiungo kati yake na wahamiaji wanaozungumza Kiswahili: kutafsiri, kusindikiza watu, kutuliza mambo yasifike mbali. Hakuwa na pingu wala mamlaka ya kumkamata mtu. Na kazi yenyewe ilikuwa mashakani, kwa kuwa mkuu wa kituo alisema haoni faida yake. Ndipo watu wakaamua kumtetea kwa barua. Zilikusanywa Jumapili, kila moja ndani ya bahasha, nyuma yake jina na anwani ya mwandishi, maana mkuu wa kituo hakutaka barua zisizo na anwani. Zingepelekwa Ijumaa. Nusura mwenyewe hakuhudhuria mkutano huo. Aliona haya kukaa kusikiliza akisifiwa.

Sasa bahasha zilikuwa zimetapakaa sakafuni.

"Mlango je, tonton?"

"Mulango ni muzima, maman Nusura. Miye mwenyewe nilikuta umefungwa."

Nusura alichuchumaa. Ukingo wa kabati ulikuwa umepindwa kwa kitu kipana cha chuma, kipana kuliko bisibisi. Kwenye mkunjo palibaki uchafu mweupe uliokauka. Akadhani ni chokaa ya ukutani. Ufunguo wa kabati ulikuwa ukining'inia mahali pake, nyuma ya kalenda, na kila mwanakamati aliujua.

"Nani ameingia hapa tangu Jumapili?"

Constant alikuna kichwa. "Jana, dix-sept heures, saa kumi na moja ya jioni, nilifungulia Maman Antoinette. Alikuja kutwaa masufuria na vijiko vyake, ile ya bukari, ugali tulikula dimanche ku mukutano. Nikatoka kuvuta sigara, dakika kumi hivi. Kisha nikafunga. Ni yeye tu."

Nusura hakuliandika jina hilo. Maman Antoinette wa Likasi alipikia misiba na harusi za watu wote, hata alipoanza kwenda hospitali ya Jette mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kusafishwa damu kwa mashine ya figo. Barua kumi kati ya zile alizikusanya yeye, mlango kwa mlango. Nusura aliandika jina jingine: Abdulkarim.

Abdulkarim alikuwa mwanafunzi kutoka Tanga, mwanakamati, na ufunguo wa mlango alikuwa nao. Watu walisema Jumapili alisimama akapinga barua zile mbele ya wote. Nusura alimkuta saa nane mchana kwenye mkahawa jirani na stesheni ya metro.

"Ulisema nini juu yangu?"

"Juu yako sikusema kitu, dada. Nilisema tusimpe polisi majina na anwani zetu. Nusu ya watu hapa hawana makaratasi. Nimekosea?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Liège, kwa mjomba. Tiketi hii hapa." Akaisukuma mezani. "Lakini seriously, dada. Nivunje kabati la nini, na ufunguo najua ulipo?"

Nusura aliitazama tiketi bila kuyatia maanani maneno yake. Alikuwa na hasira. Aliondoka akiwaza kwamba huenda amemtuma mtu, na siku nzima iliyobaki akaimaliza kwa kuwasaka marafiki zake.

Jumatano, saa tano na dakika ishirini asubuhi, Wanjiku alimpigia. Wanjiku, Mkenya wa Nakuru, alikuwa katibu wa chama, na alikuwa amekaa kuzipanga upya zile bahasha.

"Nusura, nimecount mara tatu. Ziko arobaini na mbili. Register yangu inasema forty-three."

"Nani hayupo?"

"Mwanakheri. Alituma yake kwa posta. Jumapili nilisoma majina yote, hata watu wakapiga makofi."

Nusura akanyakua koti lake. Hakujua kwamba Mwanakheri ameandika. Mwanakheri wa Pemba alimkimbia mumewe, Abeid, mwezi Septemba, mkono wake ukiwa umevunjika mahali pawili. Nusura ndiye aliyemtafutia chumba mtaani Ganshoren, yeye na bintiye Zamda wa miaka mitano. Kabla ya bahasha hiyo, anwani ile waliijua watu wawili tu, Nusura na mwanasheria. Na Abeid alikuwa bado mjini, akifanya kazi ya kusukuma vitanda na vigari vya wagonjwa hospitalini Jette.

Kwa zaidi ya siku nzima alikuwa akimtafuta adui yake mwenyewe. Mwizi hakuwa na habari naye hata kidogo.

Alipiga simu ya Mwanakheri, imezimwa. Saa hizo alikuwa akisafisha ofisi za watu. Jumatano shule hufunga saa sita mchana. Nusura alikimbilia metro, kisha basi, na kila taa nyekundu aliihesabu kama ugomvi wake binafsi. Alifika langoni mwa shule ya Zamda, jirani na chumba chao, saa sita na robo. Uwanja wa shule ulikuwa mtupu.

"Baba yake amekuja," mwalimu alisema kwa upole. "Alikuwa na pasipoti, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hatuna karatasi yoyote inayomkataza. Na mtoto alimkimbilia, bibi. Alimrukia shingoni."

Mwanakheri alitokea dakika kumi baadaye, koti la kazi bado mwilini. Alimwona Nusura pale langoni, akaelewa kabla hajaambiwa.

Inspekta Viviane, mkubwa wa Nusura, alisikiliza simu mpaka mwisho. "Kuna amri ya mahakama dhidi yake?"

"Kesi itasikilizwa Juni."

"Basi kisheria ni baba aliyemchukua mwanawe shuleni. Nitawaarifu uwanja wa ndege, Nusura. Lakini hawatamzuia."

Saa kumi alasiri Nusura alibisha mlango wa Maman Antoinette. Njiani alikuwa ameyapanga yote upya. Aliyevunja hakuujua ufunguo wa nyuma ya kalenda, kwa hiyo hakuwa mwanakamati. Mlango haukuguswa, kwa hiyo alifunguliwa. Na ule weupe haukuwa chokaa.

Jikoni masufuria yalikuwa yamefunikwa juu ya kabati. Kando yake kijiko kikubwa cha chuma cha kupakulia, ubapa umejikunja.

"Bukari yako ilikaukia kwenye kabati letu, maman."

Mama yule alikaa taratibu, mkono wenye bandeji mapajani.

"Bon," alisema. "Ni miye."

"Abeid anajua Mwanakheri yuko wapi kwa sababu yako."

"Ule muntu ananisukuma mu kigari miaka mbili sasa. Mashini ikinichosha, yeye njo ananivalisha viatu. Analia, Nusura. Anasema, 'Maman, sijaona mutoto wangu tangu septembre.' Miye nilizaa batoto ine. Bote balibakia Likasi na papa yao, na sijue kama bako bazima. Alors dimanche nikasikia jina la ule bibi, nikasema, Mungu anafungua njia. Jana nikamupa enveloppe. Alisema atamuandikia tu barua."

"Alimvunja mkono, maman."

"Aliniambia alianguka mu ngazi."

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu?"

Nusura alijua asingemjibu. Kazi yake yote ilikuwa kutojibu swali hilo.

"Sasa banipeleke kwa polisi?" Maman Antoinette aliuliza, na machozi yakaanza kumtoka.

"Kwa kosa gani? Kabati la bati na bahasha moja?" Nusura aliinuka. Alitaka kumchukia, akashindwa hata hilo. Simu ikaita. Viviane alisema ndege imeruka saa tisa na nusu, na wawili wale wamo.

Usiku ule Nusura alilala sakafuni kwa Mwanakheri, Ganshoren. Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, simu ya Mwanakheri iliita kwa namba ya Dar es Salaam. Akaweka sauti juu.

"Mama, huku joto! Bibi amenipikia chapati. Baba anasema na wewe unakuja kesho."

Mwanakheri alimtazama Nusura. Pasipoti yake ilibaki kwa Abeid. Maombi yake ya ukimbizi yalikuwa hayajajibiwa. Akitoka nchini hatarudi, na anayemngojea huko anajulikana.

"Nakuja, mwanangu," alisema. "Kula ushibe. Umsikilize bibi."

"Kesho?"

"Nakuja."

Simu ikakatika. Mwanakheri aliendelea kuishika sikioni.

"Dada Nusura," aliuliza baadaye, "nimemdanganya?"

Nusura aliitwaa simu kutoka mkononi mwake, akaihifadhi ile namba ya Dar es Salaam.